Okidi si ua la kubembelezwa tu

Hapa Tanga, ukitaja okidi, mtu anawaza ua la bei linalokufa ukilitazama vibaya, au "mnyonyaji" wa mwembe. Yote mawili hayamhusu okidi aitwaye Oeceoclades maculata. Huyu huota chini, kwenye majani yaliyooza kivulini, na majani yake yenye mabaka hufanana na mkonge pori kiasi kwamba wengi humpita bila kumjua.

Asili yake ni Afrika ya kitropiki, lakini amevuka hadi Brazili, Karibi na Florida, na huko sasa ni gugu. Siri yake? Hangoji mdudu. Huko Puerto Rico imeonekana kuwa tone la mvua hukipiga kifuniko cha chavua kikadondoka, kisha kikonyo kinachoshika chavua hujikunja na kuibandika chavua hiyo kwenye ua lilelile. Mbegu ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula. Zinalishwa na kuvu wa udongoni, na upepo huzisambaza.

Cha kuchekesha, mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 kutoka Florida hiyohiyo. Nadhani tumelipana.