Simulia mpaka njia panda, halafu nyamaza

Kuna mwaka nilisimamia mtihani wa darasa la tano, swali la nne lilikuwa "Taja faida tatu za uaminifu", na mtoto mmoja dawati la katikati akawa anaangalizia kwa mwenzake hilo hilo swali la nne, tena bila haraka, shingo ndefu kama twiga, anaandika faida ya pili anarudi kuchukua ya tatu. Nilisimama nyuma yake nikashindwa hata kumgombeza maana nilikuwa nabana kicheko. Akapata tatu kwa tatu. Yaani mtoto kaiba uaminifu na mimi mwenyewe nikampigia vema.

Nilirudi nyumbani nacheka lakini usiku nikawa siwezi kulala vizuri. Maana ukifikiria, yule mtoto hakukosea mtihani, alikuwa anafanya tulichomfundisha, kwamba uaminifu ni notisi. Unaandika ubaoni "Uaminifu ni hali ya...", wananakili, wanapiga mstari kwa rula, kengele inalia, wanatoka mbio kununua ubuyu na huko nje mmoja anamdhulumu mwenzake chenji. Somo limebadilishwa jina mara kadhaa tangu nianze kazi, sasa hivi mtaala mpya una Historia ya Tanzania na Maadili, na mimi sina ugomvi na mtaala, ila jina la somo halimzuii mtu kuandika notisi ubaoni.

Ndio nikahamia kwenye stori za kweli. Za sungura na fisi nazipenda na bado nazitumia kwa wadogo, ila mtoto wa miaka 11 ukimwambia sungura aliamua kusema ukweli anakuangalia tu, anajua sungura haongei. Mwambie kuna mtu, ana jina, siku fulani, mahali fulani, alibanwa kwenye kona akaamua hivi, utaona darasa linavyotulia. Na swali la kwanza kila mwaka ni lile lile: "Mwalimu, hiyo ni kweli kabisa?"

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusimulia yote mpaka mwisho halafu nauliza, "Kwa hiyo tunajifunza nini?" na darasa zima linaimba "Tunajifunza kuwa na bidiiii". Hapo umesharudi kwenye notisi, tofauti ni kwamba hii ina sauti. Siku hizi nasimulia mpaka njia panda, pale ambapo mhusika bado hajaamua, halafu nanyamaza. Na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi ngumu jamani, mdomo unawasha, sekunde kumi zinakuwa kama kipindi kizima.

Chukua John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki Mexico City, mji ambao uko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, watu wanahema. Kwenye kilomita ya 19 hivi wakimbiaji wanagombania nafasi, anagongwa, anaanguka, goti linateguka, bega linapiga lami. Zimebaki kilomita 23. Hapo nakata. Ungefanyaje? Na mtu asiniambie "ningeendelea" kwa sababu anajua ndilo jibu ninalolitaka. Kuna kijana akanyoosha mkono akasema "Mimi ningelia kwanza", wenzake wakacheka, nikampa chaki akaandike ubaoni, KULIA KWANZA, kwa herufi kubwa. Basi wengine wakafunguka: kuomba maji, kumtafuta aliyenigonga, kupanda gari la wagonjwa, kujifanya nimezimia. Ubao ukajaa. Sasa hapo ndipo wanapoelewa kwamba Akhwari naye alikuwa na orodha kama hiyo kichwani, na gari la wagonjwa lilikuwemo kwenye orodha hiyo.

Halafu ndio namalizia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20, Akhwari akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, mguu una bandeji, mashabiki wengi wameshaondoka, wa 57 na wa mwisho. Walioanza walikuwa 75, na watoto wa hesabu wanawahi kutoa: 18 hawakumaliza. Nauliza, hao 18 ni waoga? Aisee, hilo swali linaweza kula kipindi. Kuna binti aliniambia kama goti limeharibika kabisa basi kuacha ndio akili, na anayeendelea anatafuta sifa tu. Sikuwa nimewahi kuliwaza hivyo na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya darasa.

Lile neno lake maarufu, kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akamalize, huwa nalichelewesha makusudi. Kwanza waandike wao: mwandishi wa habari amekufuata anakuuliza kwa nini hukuacha, unamjibu nini? Mmoja aliandika, "Nilikuwa sijui njia ya kurudi hotelini." Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Sasa niwaambie nilipoharibu.

Desemba 21, 2015, huko kaskazini mashariki mwa Kenya, basi la kwenda Mandera linavamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria wanaamriwa wajigawe, Waislamu huku, Wakristo kule. Na kila aliyekuwemo alijua maana ya amri ile, kwa sababu mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, basi lingine la Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa. Kina mama wa Kiislamu wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakagoma kutengana, wakasema kama ni kuua basi tuueni wote. Mwalimu Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, Mwislamu, akapigwa risasi.

Darasani kwangu dawati moja wanakaa watatu, Waislamu na Wakristo wamechanganyika, kwa hiyo hii stori haikuwa ya mbali hata kidogo. Nilipokata pale kwenye amri ya kujigawa, msichana mmoja akamgeukia jirani yake akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe utavaa wangu ule wa bluu wa akiba." Mimi nilikuwa karibu nikasikia. Hakuna notisi duniani inayoweza kunipa sentensi hiyo.

Ila nikamalizia vibaya. Niliishia pale abiria walipogoma na wavamizi wakaondoka. Nikajisemea hawa ni watoto, miaka 11, ya nini kuwatia simanzi Ijumaa mchana. Jumatatu asubuhi kijana mmoja akanifuata kabla ya paredi, kaka yake alitafuta kwenye simu. "Mwalimu, yule mwalimu alikufa." Ni kweli, Salah Farah alifariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi, hata mwezi haukuisha. Yule mtoto hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekurudishia chenji iliyopungua, hesabu mwenyewe. Na kwa wiki kadhaa baada ya hapo kila nilichosimulia nilikuwa naulizwa "umemaliza au umekata?"

Toka siku hiyo msimamo wangu ni huu, damu siielezei, majeraha siyachambui, lakini mwisho siufichi. Kama nahisi umri wao hauwezi kubeba mwisho basi stori nzima inasubiri, darasa la tatu siwasimulii Mandera kabisa. Kukata nusu ni kuwadanganya, na watoto wakishakukamata unadanganya kwenye somo la ukweli, utabaki unaongea na ukuta.

Hili limenisaidia pia kwenye ile ya Bukoba, ndege iliyotumbukia Ziwa Victoria Novemba 6, 2022, watu 43 ndani, 24 wakatoka hai, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu wanapenda kuisimulia kama ushindi wa yule kijana mvuvi Jackson Majaliwa, ambaye baadaye Rais aliagiza apewe ajira Zimamoto. Mimi nakaa zaidi kwenye kile alichosimulia mwenyewe kutoka hospitali, kwamba alijaribu kuwasaidia marubani kwa kamba, kamba ikakatika ikampiga, akazinduka wodini. Marubani wote wawili walifariki. Kwa hiyo kipo alichoweza na kipo kilichomshinda, siku moja, mtu mmoja. Watoto wanalielewa hili haraka kuliko watu wazima, wao kila siku kuna kinachowashinda.

Kitu kingine, ukisimulia mtu aliye hai simulia tendo, usimvike taji. Kesho akikosea (na atakosea, ni binadamu) watoto hawatakuja kukuambia "shujaa wako kaharibu", kwa sababu hukuwahi kusema huyu ni malaika. Ulisema tu siku ile alifanya hivi.

Baada ya hizo kubwa ndio nawatuma nyumbani. Leta stori ya mtu unayemjua kwa macho, aliyefanya jambo gumu na hakuna aliyemlazimisha. Majina tunayabadilisha kabla ya kusoma darasani, hilo ni lazima, mtaa ni mdogo. Mwanzoni nilikuwa sina tahadhari, nikaletewa stori ya mjomba aliyekuwa wa kwanza kumkamata mwizi, na kijana anasimulia kwa fahari kabisa jinsi walivyompiga mpaka hakuamka. Darasa kimya. Mimi nimesimama na chaki mkononi, mjomba wa watu ni shujaa nyumbani kwao, nifanyeje? Kiukweli siku ile nilibabaika, nikasema "asante, kaa", nikaita mwingine, na mpaka leo najilaumu. Siku hizi ikija ya namna hiyo naifanyia kile kile ninachofanya kwa Akhwari, narudi mpaka njia panda: mwizi ameshakamatwa, mikono imeshikwa, simu unayo mfukoni. Hapo palikuwa na njia ngapi? Simhukumu mjomba. Wanazitaja wenyewe, moja baada ya nyingine.

Nyingi zinazokuja ni ndogo na ndizo nzuri. Bibi aliyerudisha mbuzi aliyeingia zizini kwake usiku. Konda aliyemshukia njiani kikongwe akamvusha barabara na abiria wanapiga kelele. Dada aliyekwenda mwenyewe kwa mwenye duka kusema "jana ulinizidishia". Dakika mbili kila moja, watatu kwa kipindi, inatosha, maana dakika 40 zenyewe kumi zinaishia kwenye kutulizana.

Lakini stori ninayoipenda kuliko zote haina damu wala ziwa, ina friji. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: chemsha maziwa, tia sukari, yapoe, ingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ni chache, kila mtu anawahi. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi, akaingiza yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza bila hata kuchemsha. Akamuuliza mwalimu, akajibiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake muuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia mbona sisi ndivyo tunavyofanya. Akafika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, na kuanzia hapo darasa likapata utani, akikosea hesabu tu wanasema hiyo hesabu ya Mpemba.

Halafu anakuja mgeni, Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mgeni anauliza nani ana swali. Nakata hapo. Umechekwa miaka, wanaokucheka wamekaa nyuma yako, unanyoosha mkono au hunyooshi?

Darasani kwangu wengi wanasema hawanyooshi. Wakweli kabisa. Mpemba alinyoosha, wenzake wakacheka kama kawaida, ila Osborne alirudi Dar akaagiza jaribio lifanyike, na fundi wa maabara akamletea majibu kwamba ni kweli, ya moto yameganda kwanza, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. Hapo hata mimi nacheka kila mwaka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, mwanafunzi na mhadhiri, na jambo lenyewe dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Yeye akaenda zake kusomea wanyamapori. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama linatokea kweli na kwa nini, na hilo pia nawaambia, silifichi. Watoto wanampenda Mpemba. Mimi nikisimulia huwa namuona zaidi yule mwalimu wa fizikia, maana ni mimi yule, siku ambazo nimechoka.

Mwaka huu wakaomba tujaribu. Mama anayeuza barafu za ubuyu jirani na shule akatupa kona ya friji yake kwa siku tatu, huku akilalamika kwamba maji ya moto yataliua friji. Vikombe viwili vya bati, kimoja maji ya sufuria kimoja ya bombani, daftari moja lenye mistari ya rula. Jumatatu ya moto yakawahi, wakashangilia mpaka mama akatoka nje. Jumanne ya baridi. Jumatano ya baridi tena, na kwa mbali sana.

Kiongozi wa kundi, shabiki mkubwa wa Mpemba, akataka Jumatano ifutwe. "Tuandike umeme ulikatika." Wawili wakakubali haraka. Mwenye daftari, katoto kadogo hata kuongea darasani hakaongei, akasema "lakini haukukatika", akafunga daftari, akalikalia.