Je, wajua kwa nini picha ya gemu hukatika vipande viwili kwenye TV?

Umeshika pedi, winga wako anapangua mabeki, kamera inamkimbiza, na ghafla mlingoti wa goli unakatika: nusu ya juu iko mahali pake, nusu ya chini imesogea pembeni. Kufumba na kufumbua umeshaungana tena. Wengi hukimbilia kununua waya mpya wa HDMI. Waya hauna kosa. Ulioharibika huleta vidoa vinavyometameta, au kioo kinakuwa cheusi. Haukati picha kwa mstari ulionyooka hivyo.

Tatizo ni mwendo. TV haibandiki picha nzima kwa mkupuo mmoja. Huichora mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na ya kawaida ya Hz 60, yaani mara 60 kwa sekunde, huirudia kazi hiyo kila baada ya milisekunde 16.7. Konsoli nayo inachora fremu zake, yaani picha mojamoja za gemu, kwa mwendo wake: ukitazama ukuta mtupu inamaliza upesi, ukiingia kwenye moshi, milipuko na umati inachelewa.

Sasa chukua mfano wa daladala. Unasoma gazeti la abiria wa jirani, umefika katikati ya ukurasa, naye anafunua. Macho yako yanaendelea palepale yalipokuwa, ila habari ni nyingine. TV nayo ikiletewa fremu mpya katikati ya kuchora, juu inabaki ya zamani na chini inakuwa mpya. Ndiyo maana mpasuko ni wa mlalo. Ndiyo maana pia unauona zaidi kamera ikigeuka kwa kasi: ukisimama tuli, fremu mbili zinafanana, hivyo mpasuko hata ukiwepo huuoni.

Dawa ya zamani inaitwa V-sync. Jirani anaambiwa asifunue mpaka umalize ukurasa. Mpasuko unakwisha, lakini bei yake si ndogo. Fremu ikichukua milisekunde 17 imechelewa kwa kiduchu tu, ila inabidi ingoje zamu nyingine, kwa hiyo inafika kwenye kioo baada ya 33.3. Gemu iliyokuwa inateleza kwa fremu 60 kwa sekunde inashuka hadi 30, na pedi inakuwa nzito mkononi. Enzi za Xbox 360 na PlayStation 3 baadhi ya watengenezaji walichagua njia ya kati: fremu iliyowahi isubiri, iliyochelewa ipite hata ikipasua. Kwa gemu za mbio na za risasi nadhani walifanya vyema. Afadhali mstari wa kupita kuliko gari lisilotii usukani. Kwenye kompyuta ungeamua mwenyewe, lakini kwenye konsoli mara nyingi mtengenezaji ameshakuamulia.

Dawa mpya, VRR, inageuza mambo: TV ndiyo inayomngoja mwenye gazeti. Fremu ikiwa tayari, ndipo kioo kinaanza kuchora. Xbox One S na One X ziliipata mwaka 2018, Series X na S zikaja nayo Novemba 2020, na PlayStation 5 ikaletewa kwa sasisho la Aprili 2022. PlayStation 4 haikuwahi kuipata. TV pia lazima iwe nayo, na nyingi za bei nafuu hazina, kwa hiyo soma maelezo yake kabla hujatoa hela. Kisha iwashe pande zote mbili: kwenye mipangilio ya video ya konsoli, na kwenye TV, ambako mara nyingi inahusu tundu lilelile la HDMI ulilochomeka. PS5 ina swichi nyingine ya kuilazimisha kwa gemu zisizotengenezwa kwa ajili yake. Jaribu, nyingine zinatulia. Ila kwenye PS5 VRR hufanya kazi kati ya Hz 48 na 120, hivyo gemu inayozunguka kwenye fremu 35 haitapata nafuu kubwa.

Huna VRR? Fungua mipangilio ya gemu yenyewe. Kama kuna hali ya ubora iliyofungwa fremu 30, ichague. Kama kuna ya kuachia fremu bila kikomo, izime. Ile hali ya gemu kwenye rimoti ya TV iwashe tu, lakini yenyewe hupunguza uzito wa pedi, mpasuko hauguswi.