"Simu yako ina virusi": arifa hizo hutoka wapi?

Arifa inaibuka juu ya skrini: "Simu yako ina virusi, safisha sasa." Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, ulishakifunga tangu asubuhi. Wengi hukimbilia kupakua programu ya kusafisha waliyotangaziwa, na hapo ndipo balaa lenyewe huingia, maana mara nyingi simu ilikuwa nzima. Ukurasa wa wavuti hauwezi kukagua virusi ndani ya simu. Hilo ni tangazo tu, na aliyelifungulia mlango ni mwenye simu.

Kwa kawaida mlango hufunguliwa kwenye tovuti ya kutazama mpira au filamu bure. Video haichezi, kuna maandishi, "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Maandishi hayo ni ya mwenye tovuti. Kisanduku chenye vitufe vya Ruhusu na Zuia ni cha kivinjari, nacho hakijui habari za roboti: kinauliza kama tovuti hiyo, ambayo anwani yake imeandikwa hapo hapo, iruhusiwe kukutumia arifa. Wachache huisoma. Madirisha ya vidakuzi (cookies), ya punguzo la bei na ya kujiunga na jarida yamekwisha kuzoesha vidole vyetu kubonyeza kitufe kikubwa ili mambo yapite.

Kufuta ruhusa hakuchukui hata dakika mbili. Kwenye Chrome ya Android, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Gusa kila usiyoitambua, uizuie. Kama huhitaji arifa za tovuti yoyote, zima swichi ya juu kabisa; hakuna tovuti itakayokuuliza tena.

Matangazo yakifunika skrini hata ukiwa hujafungua chochote, na si arifa za kivinjari, shuku programu uliyoipakua siku za karibuni, hasa kutoka nje ya Play Store. Hiyo dawa yake ni kuiondoa.

Kuna wanaouliza kwa nini kizuizi cha madirisha ibukizi (pop-up) kilichomo kwenye kivinjari hakisaidii. Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya tangazo la aina hiyo katika miaka ya 1990 akiwa Tripod, kampuni iliyowawezesha watu kutengeneza kurasa zao za wavuti, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Miaka hiyo ya 1990 tangazo lilifungua dirisha jipya, na kufikia 2004 Firefox na Internet Explorer ya Windows XP zilikuwa zikiyazuia madirisha hayo zenyewe. Siku hizi tangazo huchorwa ndani ya ukurasa uleule, kwa hiyo kizuizi hakioni dirisha la kuzuia. Hata alama ya X mara nyingine huwa picha tu: ukiigusa umegusa tangazo. Ni salama zaidi kufunga kichupo chote.

Kwenye kompyuta ya Windows, onyo likijaza skrini kwa king'ora na namba ya simu ya "fundi", usipige. Shikilia Esc, kisha bonyeza Ctrl na W. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ukifunge kivinjari kutoka kwenye orodha itakayotokea. Ukikifungua tena, kataa kurejesha kurasa za awali, la sivyo king'ora kitarudi.

Aliyekwisha kuingiza PIN ya pesa za simu kwenye ukurasa wa namna hiyo aibadilishe kwanza, kisha apige huduma kwa wateja ya mtandao wake kwa namba anayoijua mwenyewe, si iliyo kwenye tangazo.