"Kabla ya Waarabu tulikuwa hatufikiri"? Hebu tuelewane

Kila nikifundisha mdahalo hakosekani kijana wa kusema: "Mwalimu, akili, fikra, hoja, mantiki, dalili, sababu, yote ni Kiarabu. Basi kabla ya Waarabu tulikuwa hatufikiri." Darasa linacheka, naye anakaa kama aliyeshinda. Nimechoka nayo hii.

Kwanza, orodha yake ina upendeleo. Mbona kaacha ng'amua? Kiarabu hakina hata sauti ya ng'. Mbona kaacha pima, pambanua, chambua? Kiarabu fasaha hakina p wala ch, na hiyo -ua ya mwishoni ni ya Kibantu, ndiyo ile ya fumba na fumbua. Bibi aliyekaa jamvini akichambua pamba, mbegu huku, nyuzi kule, hakusubiri jahazi limletee akili ya kutenga la maana na lisilo na maana. Kitenzi hichohicho ndicho tunachotumia leo kuchambua hoja.

Pili, kukopa neno si kukopa ubongo. Waingereza wenyewe neno lao "reason" walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi yao mwaka 1066. Wafaransa nao walilirithi kutoka "ratio" ya Kilatini, yaani hesabu. Sijamsikia mtu akisema Waingereza walianza kufikiri 1066.

Tatu, kuna kauli nyingine ninazozisikia darasani. "Mantiki ni mambo ya Wazungu." Aristotle, mwanafalsafa wa kale aliyeandika vitabu vya mantiki, alikuwa Mgiriki, sawa, lakini katika karne ya 9 na ya 10 vitabu vyake vilitafsiriwa na kubishaniwa Baghdad, kwa Kiarabu. Neno mantiki lina mzizi wa kutamka, kama "logos" ya Kigiriki inavyobeba usemi na fikra pamoja.

"Akili ni kujua mengi." Kwa Kiarabu, mzizi wa neno akili ni mmoja na wa kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Akili ni kujizuia, hasa kabla ya kujibu.

"Hoja ni maoni yangu." Hili nalo! Kiarabu chake ni ushahidi, uthibitisho. Halmashauri ikipewa hoja ya ukaguzi, yaani mkaguzi wa hesabu akihoji matumizi yake, hujibu kwa hati za malipo na stakabadhi, si kwa "sisi tunaona". Dawa yangu ni ileile siku zote: ukimaliza kusema, ongeza "kwa sababu", kisha endelea. Ukikwama hapo, kaa chini, mpe mwenzako zamu.