Ubingwa wa Bara hauamuliwi na dabi peke yake

Simba na Yanga wakifukuzia ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara hadi mechi za mwisho, vijiwe vya Mwanza kuanzia Makoroboi hadi Igoma hujaa mahakimu. Kesi isiyozeeka ni ya msimu wa 2016/17, maana Yanga walimalizia ligi hapa hapa, uwanja wa CCM Kirumba, na hadi leo watu wanaisimulia kila mmoja kivyake.

"Anayemfunga mtani ndiye bingwa." Msimu ule watani walitoka sare ya 1-1 Oktoba 2016, kisha Februari 2017 Simba akashinda 2-1. Kwenye dabi, yaani mechi zao hizo mbili, Simba alivuna pointi nne, Yanga moja. Bingwa akawa Yanga. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, yaani pointi 90, na dabi mbili zina pointi sita tu. Kila mmoja wao alipoteza mechi nne: Yanga alifungwa na Stand United, Mbeya City, Simba na Mbao, Simba akafungwa na African Lyon, Prisons, Azam na Kagera Sugar. Wengi wa hao wala hawakuwa na habari na ubingwa. Ndiyo maana mimi ratiba ikitoka huanza kuangalia nani anakwenda Bukoba, Mbeya na Shinyanga, na lini. Dabi naiangalia baadaye.

Wapo watakaonitajia Juni 25, 2025. Ni kweli, siku ile Yanga akiwa na pointi 79 na Simba 78 walikutana mechi ya mwisho, Yanga akashinda 2-0. Lakini dabi ile ilikuwa ichezwe Machi 8 ikaahirishwa, ndipo ikaangukia mwisho wa msimu. Na Yanga aliingia uwanjani akihitaji sare tu, kwa pointi alizokusanya kwa wengine.

"Wakilingana pointi, yanaangaliwa matokeo ya wao kwa wao." Hii tumeiokota kwenye ligi ya Hispania na makundi ya mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Ingekuwa hivyo, kombe la 2017 lingekwenda Msimbazi, kwa Simba. Wote walimaliza na pointi 68, wakatenganishwa na tofauti ya mabao: Yanga alifunga 57 akafungwa 14, Simba 50 kwa 17. Yale mabao ya dakika za mwisho dhidi ya timu iliyokwisha kata tamaa, ambayo watu huyaita ya sifa, ndiyo yaliyofanya kazi.

"Mbao waliachiwa." Mei 20, 2017 Mbao FC waliifunga Yanga 1-0 Kirumba, na maneno yakaanza. Nakubali, Yanga hakuwa na presha. Kwa mabao aliyomzidi Simba, kipigo kidogo kisingemnyang'anya kombe. Ila Mbao walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, jambo lililowakuta ndugu zao wa hapa Mwanza, Toto Africans, msimu huo huo. Halafu watu husahau Aprili 30. Uwanja ule ule, Mbao walikuwa wamemtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA, bao 1-0. Nusu fainali nani anamwachia mtu? Fainali ya Dodoma waliipeleka hadi dakika za nyongeza kabla ya Simba kushinda 2-1.

"Simba walibeba pointi za mezani za Kagera." Walipewa, kisha zikarudishwa. Aprili 2017 Simba alifungwa 2-1 uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akalalamika kwamba beki wa Kagera Sugar alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati moja ikampa pointi, nyingine ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikatengua uamuzi, Simba wakasema wanakwenda FIFA. Matokeo ya uwanjani yakabaki. Mwana Msimbazi atakwambia angemaliza na 71, na hesabu yake haina kosa. Muulize tu nani aliyefungwa Bukoba.

"Hakuna kombe kubwa lililowahi kufika Kanda ya Ziwa." Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za Bara na Zanzibar, mwaka 1990. Vijana wengi walioishangilia Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 walikuwa hawajazaliwa, kwa hiyo tuwasamehe. Wazee wa Kirumba wanaobisha ndio sina la kuwasaidia.