Bibliografia yenye maelezo ni nini, na inasaidiaje kwenye mapitio ya maandiko?

Wengi wanaoanza propozo ya masters ya elimu wakiambiwa na supavaiza walete bibliografia yenye maelezo wanapeleka orodha ya marejeo tu, ile ya mwisho wa kazi, wengine wanakopi ikisiri (ule muhtasari mfupi wa mwanzo) ya kila makala wanaibandika chini yake, basi kazi inarudishwa. Siwalaumu, mara nyingi hakuna aliyewaelekeza.

Ni hivi, unaorodhesha vitabu, makala, ripoti na tasnifu ulizosoma kuhusu mada yako, kwa mtindo wa marejeo ambao chuo chako kinautaka (kwenye elimu mara nyingi ni APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, inapangwa kwa alfabeti), halafu chini ya kila chapisho unaandika aya moja kwa maneno yako mwenyewe, maneno 100 mpaka 200 hivi yanatosha. Ndani ya hiyo aya unaeleza mwandishi alitaka kujua nini, alitafiti wapi na kwa njia gani, akakuta nini, ushahidi wake una nguvu kiasi gani, na wewe unaihitaji hiyo kazi kwa ajili ya nini. Hayo mawili ya mwisho ndo watu wanayaruka na ndo yenyewe hasa, maana ikisiri imeandikwa na mwenye kazi, hawezi kukutajia udhaifu wake wote, na wala hajui wewe unatafiti nini.

Tuseme mada yako ni lugha ya kufundishia kwenye sekondari za Tanzania. Lazima utakutana na ripoti ya 1984 ya Criper na Dodd, wataalamu wa Uingereza, kuhusu Kiingereza kwenye shule za Tanzania. Mtu akiandika "ripoti hii inahusu Kiingereza mashuleni na ni muhimu kwa utafiti wangu" hajasema kitu. Jaribu hivi:

"Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa ngazi mbalimbali, wakakuta wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kujifunzia masomo mengine. Pamoja na hayo walipendekeza kibaki kuwa lugha ya kufundishia na ufundishaji wake uimarishwe. Ubora wa kazi hii ni kwamba walipima wanafunzi wenyewe, hawakuishia kuuliza maoni. Ila mapendekezo hayafuati matokeo, na kazi ilifanyika kwa msaada wa Uingereza. Nitaitumia kuonyesha kwamba tatizo lilijulikana mapema, sitaitumia kama ushahidi wa hali ya leo."

Sasa iweke karibu na maelezo yako ya Tume ya Makwetta, tume ya rais ya elimu, ambayo miaka miwili kabla, 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Unaona hapo hapo kwamba shule ni zile zile, miaka ni ile ile, mapendekezo yanapingana, na hapo tayari umepata aya ya mapitio ya maandiko (ile sehemu ya propozo inayojadili yaliyokwisha kuandikwa kuhusu mada yako), kazi imebaki kuuliza kwa nini. Ndo maana mimi naona haya maelezo si ya kumridhisha supavaiza, ni mapitio yenyewe yanaanza kuandikwa. Ila mapitio hayapangwi kwa alfabeti, yanapangwa kwa hoja, kwa hiyo kila aya iwekee neno moja mawili ya mada mfano "uelewa darasani" au "sera", baadaye unazikusanya zinazofanana.

Nyaraka za serikali zina namna yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 haina sampuli wala matokeo, huwezi kuihoji kama makala ya utafiti. Unaangalia nani kaitoa, inabadilisha nini (ile ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote), inaacha nini vile vile, na unaisoma sambamba na toleo la 2023 uone kipi kimebaki.

Kutafuta makala anzia ERIC, ni hifadhidata ya elimu ya Marekani, haina malipo, na kutunza tumia Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo, nayo ni bure na ina sehemu ya kuandika noti kwenye kila chapisho. Andika aya siku hiyo hiyo uliyosoma na uweke namba ya ukurasa, hasa kwa tasnifu za zamani zilizopo kwa karatasi tu, kama uko kule East Africana, sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), unasoma pale pale, ukitoka bila namba ya ukurasa itabidi urudi.