Kufundisha mawimbi ya sumakuumeme kwa kebo ya mita 10

Mwanafunzi anaweza kuimudu milinganyo ya Maxwell (kanuni za umeme na usumaku) kwenye mtihani na bado asijue kwa nini wimbi hurudi likifika mwisho wa waya. Kwa hilo naanza na kebo ya koaksia (waya wa kati uliozungukwa na ganda la metali) ya omu 50 pamoja na programu fupi anayoiandika mwenyewe.

Tumia induktansi (uwezo wa kupinga badiliko la mkondo) ya nanohenri 250 na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 100 kwa kila mita. Impidansi, yaani uwiano wa volti na mkondo wa wimbi, inatoka omu 50, kasi mita milioni 200 kwa sekunde. Gawa kebo vipande 200 vya sentimita 5. Mkondo huhesabiwa katikati ya volti mbili, na hupishana nazo kwa nusu hatua ya muda. Hatua hiyo ya muda isizidi nanosekunde 0.25. Waache wanafunzi waweke 0.26 waone namba zinavyolipuka: wimbi linatakiwa kuvuka zaidi ya kipande kimoja, ilhali hesabu hupeleka taarifa kipande kimoja tu kwa kila hatua.

Kabla ya kuendesha programu, kila mmoja aandike utabiri wake. Mwisho wa kebo ukiwa wazi, mpigo (volti ya muda mfupi) hurudi mzima. Ukipigwa shoti, hurudi umepinduka. Ukifungwa omu 100, hurudi theluthi yake. Omu 50, hakirudi kitu. Bila utabiri, simulesheni inageuka sinema.

Kisha waende mezani: jenereta ya omu 50, mpigo wa nanosekunde 20, osiloskopu (kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyopita), na kiunganishi cha T cha kuziunganisha na kebo. Mwangwi, yaani mpigo uliorudi, ufike baada ya nanosekunde 100, kwenda na kurudi. Usipofanana na simulesheni, kagua kwanza ingizo la osiloskopu. Likiwa omu 50 badala ya megaomu 1, hukaa sambamba na kebo, volti hushuka na mwangwi huakisiwa tena pale kwenye T. Mpigo unaopanda polepole nao huumeza mwangwi wake.

Sasa wape kebo yenye hitilafu iliyofichwa. Mwangwi uliopinduka ukifika baada ya nanosekunde 64, kuna shoti mita 6.4 mbele, mafundi hutafuta hivyohivyo hitilafu za kebo zilizofukiwa. Ninalolipenda zaidi ni maji yaliyopenya. Kapasitansi hupanda, impidansi hushuka, na mwangwi huja miwili: uliopinduka pale maji yanapoanzia, usiopinduka pale yanapoishia. Mwanafunzi arudi kwenye programu, aongeze kapasitansi ya vipande hivyo mpaka umbo lilingane na la osiloskopu. Akitumia kasi ya kebo kavu atapata urefu uliozidi, maana ndani ya maji wimbi hupungua kasi.